Mzee Aliyeipa Treni Mgongo

Watu wa msikitini hapa Edmonton, London, wanasema ni yeye. Watu wa stesheni wanasema ni yeye. Karatasi ya kampuni, ile yenye nembo juu na sahihi chini, nayo inasema ni yeye aliyeamuru geti lifunguliwe siku ile, mtu akafia kwenye ngazi na sisi wengine tukatoka na vyuma mwilini. Mimi nilikuwepo. Chuma changu kiko kwenye nyonga ya kushoto, na kila baridi ikianza kinanikumbusha. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Muheza, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea, na waliohusika nitawataja kwa majina. Jina lake yeye sitalitaja. Limeshachafuliwa vya kutosha. Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Mzee wa Platfomu, na hilo linatosha.

Kitu cha kwanza ulichokiona kwake ni mgongo. Treni ikiingia, kila mtu kwenye platfomu hugeuza uso kuitazama, abiria kwa wafanyakazi, hata njiwa. Yeye aliipa mgongo. Alisimama karibu na mstari wa njano, mikono nyuma, upepo wa treni ukimpeperusha fulana ya machungwa, macho yake yako kwenye ngazi. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia, "Mzee, ipo siku hilo dude litakukwangua."

"Treni haijapata kumsukuma mtu, mwanangu," akasema. "Treni ina reli yake, inapita humo humo. Mwenye kusukuma ni binaadamu. Sasa mie nimtazame nani?"

Alikuwa mtu wa visiwani, mzee wa zamani hapa London, mmoja wa wale waliokuja kwa sababu wasizopenda kuulizwa. Maneno yake yalikuwa mafupi na yalikuwa na chumvi. Sisi wa bara alitutania bila huruma. "Nyie watu wa bara Mungu kakupeni mabega. Akili mmeiacha bandarini, mtaifuata lini?" Na mimi namjibu, "Na nyie visiwani mna maneno mengi kuliko samaki, mzee." Hapo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini treni ikisikika, kicheko kinakatika kama umezima taa.

Niseme stesheni yenyewe ilivyo, maana bila hivyo hutaelewa. Iko kaskazini ya mji na ina sehemu mbili. Juu, kwenye baridi, zinapita treni za mbali, zinazotoka miji mingine. Chini, kwenye shimo, zinapita treni za mjini. Katikati kuna ukumbi wa tiketi, na kutoka ukumbini unashuka ngazi thelathini na mbili. Mwanzo wa ngazi palikuwa na geti la chuma la kukunja. Mimi nilikuwa mtu wa geti. Yeye alikuwa chini, kwenye platfomu. Kati yetu ngazi na watu.

Siku za kawaida lile geti liko wazi, mtu hata halioni. Kazi yake ni Krismasi. Sikukuu ikifika, stesheni kubwa ya katikati ya mji inafungwa ili mafundi watengeneze reli. Treni za mbali zinakosa pa kwenda, basi zinaishia kwetu, zinamwaga watu wote hapo na masanduku yao na zawadi zao na watoto waliochoka. Kampuni nayo inaongeza treni za chini, moja baada ya nyingine, ziwabebe hao watu. Ukutani wanabandika tangazo zuri lenye picha ya theluji: treni za ziada. Ukisoma unadhani taabu imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza.

Maana treni za ziada zinaita watu. Mtu aliyesimama mlango wa juu akiisikia treni inakuja chini, anakimbia, hata kama nyingine iko nyuma yake dakika mbili. Huwezi kumshauri. Miguu imeshaamua. Na akikimbia mmoja, wa nyuma yake anakimbia kwa sababu wa mbele kakimbia.

Kwa hiyo mzee alikuwa na utaratibu wake, na huo utaratibu haukuandikwa kwenye kitabu chochote. Geti hufunguliwa treni ikishaondoka. Siyo ikiwa inakuja. Ikishaondoka. Watu waliokuwa wakisubiri juu wanashuka pole pole kwenye platfomu tupu, hawana cha kukimbilia, wanajipanga, na treni ifuatayo ikija inawakuta wameshatulia. Geti linakuwa limefungwa tena. Wengine juu wanasikia treni, wanakasirika, wanatukana, lakini hakuna anayekimbia, kwa kuwa huwezi kukimbilia chuma.

Redio zetu siku za sikukuu zilikuwa kelele tupu, kila mtu anaongea juu ya mwenzake. Yeye alitumia mkono. Kiganja juu, maana yake funga, subiri. Mkono ukishuka, maana yake fungua. Mimi pale juu nilikuwa naangalia kile kiganja tu. Krismasi tatu nilikiangalia. Hata sasa nikifumba macho nakiona, kina mkunjo mmoja mrefu katikati kama mfereji.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikosea. Nilimwonea huruma mama mmoja mwenye mapacha, nikafungua treni ikiwa inaingia. Waliopita baada yake walikuwa kama maji ya bomba lililopasuka. Hakuumia mtu, ila mtoto mmoja kiatu kilimvuka kikaangukia relini. Mzee hakunigombeza mbele ya watu. Alipanda ngazi zote thelathini na mbili, akasimama mbele yangu akihema.

"Yule mama umemsaidia?"

"Nilidhani hivyo, mzee."

"Umemtupa mbele ya watu mia na ukawaambia wamfukuze. Huruma ya getini ni kufunga." Akashuka.

Salamu kwake ilikuwa kazi kabla ya kazi. Kila asubuhi ungeanza na shikamoo, yeye anajibu marahaba, anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ndipo unaruhusiwa kusema kuna mtu katapika kwenye lifti. Wazungu aliwaamkia vile vile kwa Kiingereza chake cha taratibu, mmoja mmoja, mpaka dereva wa treni anayesimama nusu dakika. Vijana walimcheka. Alisema, "Asiyekuona asubuhi atakukanyaga mchana." Nilidhani ni maneno tu ya wazee. Gavin Pruett hakuwahi kumsalimia hata siku moja. Ndiye jina la kwanza hilo, Gavin Pruett, meneja wa mpango wa sikukuu. Nitarudi kwake.

Usije ukadhani mzee alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo, haswa wa chai. Alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, na vikombe viwili vya bati. Kimoja cha kunywea. Cha pili kinakaa kwenye mkoba, hakuna aliyewahi kukinywea. Rashidi alimwuliza siku moja chumba cha mapumziko, "Sasa mzee, hicho cha pili cha nani?"

"Cha mgeni."

"Na sisi?"

"Nyie mna mashine ya kahawa."

Rashidi ndiye jina la pili. Rashidi wa Temeke, mwenye sauti tamu, aliyekuwa akisimama nami pale juu siku za sikukuu. Wakati ule nilimwona kama mdogo wangu. Watoto wake wamekula wali kwangu.

Kile kikombe cha pili nilikuja kukinywea mimi. Ilikuwa hospitali, siku ya pili baada ya mambo kuharibika, nimelala na mguu umefungwa kama mzigo wa posta. Alikuja asubuhi mapema, kabla hata watu wa uchunguzi hawajafika. Alikuwa na plasta shavuni na mkono mmoja umening'inizwa shingoni. Akafungua chupa kwa meno, akanimiminia chai kwenye kikombe cha mgeni. Nikalia. Akanitazama mpaka nikamaliza kulia, ndipo akaniambia alichojia. Hilo nalo nitalifikia.

Kitu kingine cha ajabu: huyu mtu aliyewazuia maelfu ya watu wasikimbie, yeye mwenyewe alikimbilia mabasi. Wallahi nakwambia. Tulikuwa tunakaa njia moja Edmonton, tukitoka shifti tunarudi pamoja. Akiliona basi kituoni, hata kama liko mbali, anashika kofia, anatimka, mkoba unampiga kwenye matako, chupa inagonga vikombe, kang'a kang'a kang'a. Mimi nyuma nacheka nashindwa kwenda.

"Mzee! Si unasema mtu akikimbia hana macho?"

"Treni ni treni!" anajibu huku anakimbia. "Dereva wa basi ana roho mbaya!"

Na macho yenyewe hakuwa nayo. Alikataa miwani miaka yote. Alisema anaona vizuri sana, huku anasoma ujumbe wa simu kwa kuunyoosha mkono mpaka bega linalia. Lakini mtu akiyumba kwenye ngazi ya ishirini, alimwona. Sanduku likiachwa peke yake, aliliona. Masanduku ya magurudumu aliyachukia kuliko walevi. "Mlevi ana Mungu wake," alisema. "Sanduku ni mtu wa pili asiye na akili. Linakufuata popote, na ukianguka linakuja juu yako."

Sasa Gavin.

Gavin Pruett alikuja kwetu mwaka wa tatu wangu getini. Kijana wa ofisini, viatu safi, kishikwambi mkononi. Mchana wa kwanza wa kufungwa kwa stesheni kubwa alitukusanya chumba cha mapumziko akaanza na lawama. Alikuwa amekaa ofisini anaangalia treni zake kwenye kioo cha kompyuta. Treni ya ziada imeondoka nusu tupu, akasema. Na iliyofuata nusu tupu. Wakubwa wanauliza kwa nini tunaleta treni za ziada zinaondoka na viti vitupu huku watu wamesongamana juu kwenye ukumbi wanapiga picha na kulalamika. Kuanzia sasa geti lifunguliwe treni ikiwa inakaribia, watu waingie moja kwa moja.

Mzee alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakunyanyua kichwa. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba ile nusu tupu siyo hasara, ile ndiyo nafasi ya mtu kujikwaa na kuinuka. Ukiijaza, atakayejikwaa hainuki.

Gavin akacheka kidogo, kile kicheko cha kumaliza mazungumzo. "Huo siyo utaratibu wetu," akasema.

"Ni wangu," mzee akasema. Akasimama, akavaa fulana, akashuka.

Siku mbili geti liliendelea kufuata mkono wa mzee. Gavin alipita mara kadhaa pale juu, anaangalia saa, anaangalia watu, ananiangalia mimi. Nilikuwa mtu wa ajensi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa wiki ile, na makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa yanasubiri barua ya mwajiri. Yeye ndiye aliyekuwa wa kuisaini. Alijua hilo. Mimi nilijua kwamba anajua. Usiku nilikuwa silali.

Siku ya tatu, mchana, treni mbili za mbali zilifika karibu pamoja, moja ilikuwa imechelewa. Watu wakamwagika kwenye ukumbi mpaka mashine za tiketi hazionekani. Nikafunga geti. Mzee chini, kiganja juu. Watu wakawa wanabana. Yule wa mbele kabisa alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, koti la kijani, kakumbatia bati la keki. Akaniambia anampelekea mjukuu. Nikamwambia dakika mbili tu, bibi. Akasema hana haraka.

Ndipo upepo ukaja. Treni ikiwa inakaribia inasukuma upepo mbele yake, unapanda kwenye ngazi, unakupiga usoni, wa moto kidogo, una harufu ya vumbi la breki. Watu wakauhisi. Nikasikia uzito wa miili yao yote kwenye geti, chuma kikalia.

Gavin akatokea pembeni yangu. Akasema fungua.

Nikamwambia mzee amesema tusubiri. Nikanyoosha kidole, mkono wake huo hapo, juu.

Akainama karibu na sikio langu. Harufu ya kahawa. Akasema yule mzee haongozi stesheni hii. Akasema, "Unataka ile barua yako, au hutaki?"

Rashidi alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alisikia. Nilimtazama, akageuza uso.

Kiganja cha mzee kilikuwa juu. Wala hakikutikisika. Nilikiona vizuri kama ninavyouona mkono wangu huu unaoandika.

Nikafungua.

Sitaeleza yote. Naweza kukwambia kwamba hakukuwa na mayowe mwanzoni, kulikuwa na mlio wa magurudumu ya masanduku kwenye kingo za ngazi, tak tak tak tak, haraka, haraka zaidi. Sanduku moja jekundu likaruka. Halafu miguu. Mimi nilivutwa na geti lenyewe, nikashuka kwa mgongo, nikasikia kitu ndani yangu kinavunjika kama mwiko. Nilipoweza kuinua kichwa nilimwona mzee. Hakuwa amekimbia. Ameipa treni mgongo, mguu mmoja kauweka mlangoni ili mlango usijifunge, anavuta watu kutoka chini ya lundo mmoja mmoja anawarusha ndani ya treni kama mtu anayepakia magunia, anapiga kelele kwa Kiswahili, "Ingia! Ingia! Ingia!" Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili walikuwa wanaingia.

Bati la keki lilifika chini likiwa zima. Bibi wa koti la kijani hakufika.

Sasa lile alilonijia hospitali. Nilipomaliza kulia na kumaliza chai, akasema, "Watakuja kukuuliza nani aliamuru. Utasema ni mie. Mkono wangu ulishuka, ukafungua."

"Mzee, haukushuka."

"Nani aliuona? Weye na mie. Kamera ya juu inatazama mashine za tiketi, ya chini inatazama reli. Gavin atakana, na Rashidi ana watoto. Atabaki mtu mmoja tu wa kutupiwa, nawe huna makaratasi. Watakurejesha na mguu huo. Na Neema je?"

Neema ni mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na nne.

"Lakini ni mimi niliyefungua."

"Geti lilikuwa chini yangu. Mkubwa jalala, Mama Neema. Hujapata kusikia? Jalala halichagui taka."

Wakaja mchana. Mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wapole, na mashine ya kurekodi. Wakaniuliza. Nikasema mzee alishusha mkono. Nikasema mara mbili, maana walitaka isikike vizuri kwenye mashine. Gavin alisema alikuwa ofisini. Rashidi alisema alikuwa anamsaidia abiria na hakumwona meneja. Mzee akatia sahihi.

Walimvua fulana, wakachukua kadi yake, miaka miwili kabla ya kustaafu. Mimi barua yangu ikasainiwa. Na Gavin Pruett ndiye aliyeisaini, kwa kalamu ya bluu. Makaratasi nikapata. Ninayo kwenye droo na sijawahi kuyafurahia hata siku moja.

Baada ya hapo msikitini watu walianza kumwachia nafasi. Siyo ile ya heshima. Alikuwa anakaa, na pande zote mbili mkeka mtupu. Sokoni wanaacha kuongea akipita. Kuna bwana mmoja alimwambia mbele yangu, kwa mzaha, "Mzee, leo umefungua geti gani?" Nikataka kumrukia na fimbo yangu. Mzee akamwamkia, akamuuliza watoto wameamkaje, akanunua ndizi zake akaondoka. Nami nikanyamaza. Unaona? Namsema Rashidi, lakini na mimi niligeuza uso.

Mwaka huu, wa tano tangu siku ile, baridi ilipoanza, nililiona tangazo kwenye kituo cha basi. Theluji ile ile. Stesheni kubwa itafungwa tena Krismasi, treni za ziada zitatoka kwetu. Sikwambii jinsi nyonga ilivyoniuma. Nikapanda basi nikaenda mpaka stesheni, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikasimama juu ya ngazi.

Geti halipo. Ukutani pamebaki matundu manne ya bawaba, yamezibwa kwa saruji na kupakwa rangi. Nikauliza. Kijana wa tiketi akaniambia ule uchunguzi uliona kwamba kufunga geti kisha kulifungua ghafla ndiko kulikosababisha msongamano, basi wameling'oa. Gavin Pruett sasa ni mkubwa wa sikukuu kwa njia nzima. Chini kwenye platfomu nikamwona Rashidi, fulana mpya, amesimama pale pale aliposimama mzee. Treni ikaingia. Akageuza uso akaitazama.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Neema akae kwenye kompyuta, tuwaandikie barua wale watu wa uchunguzi. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kiingereza. Alipofika nusu akaacha kuandika. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hii siyo barua ya malalamiko, mama, hii ni barua ya kujishtaki. Nikamwambia andika. Akaandika huku anafuta pua.

Nilikaa nayo siku nne kwenye mkoba. Niliona siwezi kuituma nyuma ya mgongo wake. Sahihi yake iko kwenye ule uongo. Nikitamka mimi, yeye anakuwa mwongo.

Nilimkuta kituo cha basi karibu na kwao, asubuhi, jua limetoka bila joto. Amekonda. Kofia ya viua, ile ya kudariziwa, koti kubwa, mkoba ule ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Umeamkaje? Neema kaamkaje?"

"Kaamka salama."

"Na nyonga?"

"Inasema baridi. Unakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa macho," akasema, akaona haya. "Mwanangu kanilazimisha. Nimepata miadi hii ya leo, nikikosa ni mpaka mwakani."

Nikakaa pembeni yake. Nikasema, "Mzee, nimeandika."

Hakuuliza nini. Akatazama barabara. "Mie nshasema. Nshatia sahihi. Wataka kuniita mwongo uzeeni?"

"Makaratasi nimepata. Neema ni mkubwa. Sina sababu ya kufichwa tena."

"Basi yaache. Yule bibi haamki kwa barua."

"Geti wameling'oa, mzee."

Akageuka. Nilimwona anatafuta uso wangu kwa yale macho yake.

"Wameling'oa?"

"Na bawaba zake. Wanasema wewe kulifunga kisha kulifungua ndiko kulikoua. Krismasi hii ngazi ziko wazi. Treni za ziada ni nyingi kuliko mwaka ule."

"Na mkono? Nani ananyanyua mkono?"

"Hakuna. Yupo Rashidi. Anatazama treni."

Vidole vyake vilikuwa vinachezea mfuniko wa chupa, vinafungua, vinafunga. Nikafikiria atakasirika, au atalia, sijui. Basi likatokea kwenye kona, lake. Akasimama, na mimi nikajua amekwenda, maana huyu mtu hajawahi kuliacha basi maishani mwake. Kadi ya nauli alikuwa nayo mkononi.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka nyuma yake, upepo wake ukampeperusha koti. Yeye alikuwa amelipa basi mgongo. Amesimama ananitazama mimi, mikono nyuma.

"Mzee, basi," nikasema. "Macho yako."

Akanyanyua kiganja. Ule mkunjo mrefu katikati.

Dereva akasubiri, akapiga honi kidogo, akatikisa kichwa. Mlango ukajifunga. Basi likaingia barabarani, likapita taa, likapotea.

Mzee akashusha mkono.

"Haya," akasema. "Limeondoka. Sasa fungua."

Nikafungua mkoba, nikafungua bahasha. Barua ilikuwa na majina matatu ya wahusika, na Neema alikuwa ameyapanga nilivyomwambia. Nikaanza kumsomea kwa sauti, pale pale kituoni, mbele ya watu. Jina la kwanza lilikuwa langu.